Ngoma Yenye Halmashauri Yake

Wahenga walisema ya kuwa ngoma ivumayo haidumu. Neno hilo lina ukweli wake, nawe msomaji huenda umeuona kwa macho yako: sherehe huanza kwa vifijo, mwaka wa pili hupungukiwa na watu, na mwaka wa tatu husahauliwa, kwa kuwa kila mtu alipenda kucheza wala hapana aliyekubali kutandika mikeka na kuhesabu fedha. Katika insha hii nataka kukueleza habari za kabila moja dogo la Marekani ambalo ngoma yake imevuma kwa zaidi ya miaka 100 bila ya kupasuka. Siri yake haikuwa katika ngozi ya ngoma wala katika mikono ya wapigaji. Ilikuwa katika halmashauri ya watu 15 waliochaguliwa mwaka 1912.

Kabila hilo huitwa Wameskwaki, maana yake Watu wa Udongo Mwekundu. Ni mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika, wale ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Hapo kale waliishi karibu na Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 walipigana na Wafaransa vita vikali, wakauawa kwa wingi hata wakakaribia kwisha. Waliosalia walihamia magharibi, ng'ambo ya mto Mississippi, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Iowa. Huko nako hawakuachwa. Kwa mkataba wa mwaka 1842, wao na jirani zao Wasauk waliiachia serikali ya Marekani ardhi yao katika Iowa, wakaamriwa kuhamia Kansas.

Baadhi yao walikwenda, wengine walijificha katika misitu iliyo kandokando ya mito, na wengi wa wale waliokwenda walirudi kidogo kidogo. Mwaka 1856 bunge la Iowa lilipitisha sheria ya kuwaruhusu kukaa. Mwaka uliofuata walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa makabila ya nchi ile: walichanga fedha, wakanunua ekari 80 kando ya mto Iowa, katika wilaya ya Tama, kwa dola 1,000. Hebu fikiri maana yake. Walinunua kwa fedha taslimu kipande cha nchi iliyokuwa yao. Hati ya ardhi iliwekwa mkononi mwa gavana kama amana. Serikali kuu iliwanyima malipo waliyoahidiwa kwa mikataba, isiwalipe huko Iowa mpaka mwaka 1867, lakini hawakuondoka. Leo ardhi yao imepita ekari 8,000. Yashike haya moyoni, kwa sababu mwenye uwanja wake ndiye awezaye kupanga ngoma yake.

Sasa tuutazame mwaka 1883. Katika mwaka huo mambo mawili yalitokea Marekani, nayo ukiyaweka bega kwa bega utastaajabu. La kwanza, serikali ilitoa kanuni za makosa ya wenyeji wa asili, zilizoharamisha Ngoma ya Jua, ngoma za vita, na kazi za waganga wao. Mwenye kuzivunja aliweza kunyimwa posho ya chakula au kutiwa gerezani. La pili, William Cody, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Bill, alianzisha tamasha lake la kuzunguka mijini, ambamo wenyeji wa asili walilipwa ili wapande farasi, wapige mayowe ya vita na kucheza mbele ya watazamaji. Hata Sitting Bull, kiongozi mashuhuri wa Walakota, alifuatana na tamasha hilo kwa msimu mmoja mwaka 1885. Mwaka 1887 tamasha lilifika London.

Basi ngoma ya vita iliyokuwa hatia nyumbani ilikuwa biashara ugenini. Wachezaji ni wale wale, na miguu ni ile ile. Kilichobadilika kilikuwa ni nani mwenye kupanga: nani alichagua siku, nani alisimama langoni, nani alishika mfuko, na nani aliamua wimbo upi uimbwe na upi unyamaziwe. Serikali haikuiogopa ngoma iliyopangwa na mfanyabiashara. Iliiogopa ngoma iliyopangwa na wenyewe.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kulishangaa sana jambo hili. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku Muthirigu, wimbo na ngoma ya Wakikuyu iliyowakejeli wamisheni na machifu. Watawala wa mbali na watawala wa karibu walijua siri moja: watu wakikusanyika kwa hiari yao, na kwa utaratibu wao, huanza kujiona kuwa ni watu.

Turudi Tama. Katika majira ya baridi ya 1901 na 1902, ndui iliingia katika kijiji cha Wameskwaki. Wengi walikufa, na kijiji kikawekwa karantini. Maradhi yalipotulia, nyumba za kale, zilizojengwa kwa matete na magome ya miti, zilichomwa moto kwa amri ya wakuu. Watu walijenga upya, lakini si tena katika kijiji kimoja. Nyumba zilitawanyika huku na huko katika ardhi yao. Waliokuwa wamezoea kusikia kikohozi cha jirani, sasa walipaswa kufunga safari ili kumjulia hali.

Ndipo katika miaka iliyofuata zikaja Siku za Uwanjani, mikutano ya michezo, mashindano ya farasi na ngoma. Watu waliotawanywa na moto wa ndui walipata mahali pa kuonana tena, na wageni kutoka miji ya karibu wakaja kutazama. Lakini kila mkutano unaokua huzaa maswali. Wageni watakaa wapi? Nani atawalisha? Fedha zikipatikana, ni za nani? Nani atamwambia mlevi aondoke? Maswali kama hayo hayajibiwi na mtu mmoja, hata akiwa mwenye hekima kama nini, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo mwaka 1912, nyumbani kwa chifu Pushetonequa, walichaguliwa wanaume 15 wapewe kazi ya kupanga sherehe ya mwaka ujao. Mwaka 1913 sherehe ile ikafanywa chini ya halmashauri hiyo, ikapewa jina la pauwau. Neno hili limetoka katika lugha za makabila ya pwani ya kaskazini-mashariki ya Amerika, lugha zilizo za ukoo mmoja na Kimeskwaki, nalo kwanza lilikuwa na maana ya mganga au mtu wa mambo ya roho. Waingereza walilichukua, wakalipotoa, wakalitumia kwa mkutano wowote wa wenyeji. Halmashauri ililichukua jina lililokwisha kuchezewa na wageni, ikalipa kazi mpya. Na katika mwaka huo huo wa 1913, tamasha la Buffalo Bill lilifilisika, mali yake ikakamatwa kwa sababu ya madeni. Sisemi kwamba jambo moja lilileta jingine. Nasema tu kwamba ngoma iliyopangwa na mgeni kwa ajili ya faida ilizima, na ile iliyopangwa na wenyewe ndiyo kwanza iliwashwa.

Huenda ukauliza: kazi ya halmashauri ya ngoma ni kubwa kiasi gani? Pauwau ya Wameskwaki hufanywa kwa siku 4 katika mwezi wa Agosti. Katika mikutano ya namna hii yapasa kuchagua vikundi vya wapigaji na waimbaji, ambao huketi kuizunguka ngoma moja kubwa na kuipiga pamoja. Yapasa kumteua msemaji wa kuwaeleza watu kila jambo linalofanyika, na msimamizi wa uwanja wa kuwapanga wachezaji wanapoingia kwa maandamano, bendera zikitangulia. Yapasa kupima nafasi za hema na za vibanda vya chakula, kuleta maji, kuweka walinzi, kupokea fedha langoni na kuziandika. Lazima pia ijulikane lini mpiga picha ataambiwa afunge kamera yake, maana ziko nyimbo na nyakati ambazo si za kupigwa picha. Unyoya wa tai ukianguka kutoka katika vazi la mchezaji, hauokotwi ovyo kama karatasi; huinuliwa kwa heshima na mtu anayestahili, mara nyingi askari wa zamani. Mgeni huona miguu inayocheza. Haoni miezi ya vikao iliyotangulia.

Kweli yatulazimisha kutaja pia kwamba katika wale 15 wa kwanza hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hata hivyo, pauwau haiwezi kusimama bila ya mikono ya wanawake, yenye kushona mavazi na shanga na kuwalisha watu. Ukisoma historia ya halmashauri yoyote, usiridhike na orodha ya majina yaliyoandikwa. Tafuta pia ni nani aliyefanya kazi na jina lake halikuandikwa.

Lakini katika kazi zote, iliyo ngumu zaidi ni kujua nini kionyeshwe na nini kifichwe. Wameskwaki wana ibada za koo zao, ambazo hufanywa faraghani, wala hazikuingizwa katika pauwau. Pauwau ni sebule, ibada ni chumba cha ndani. Mgeni hukaribishwa sebuleni, akalishwa, akaonyeshwa ngoma za furaha na za kuwaheshimu mashujaa. Lakini mgeni mwenye adabu hafungui mlango wa ndani. Halmashauri ndiyo iliyouchora mpaka huo. Mtu aliyelipwa na Buffalo Bill hakuwa na uwezo wa kuuchora.

Tulinganishe kidogo na kabila jingine. Wakrow wa Montana walianza maonyesho yao ya kila mwaka mwaka 1904, lakini aliyeyaanzisha alikuwa afisa wa serikali aliyetaka kuwahimiza katika ukulima. Wakrow waliyapokea, wakaleta mazao yao, na pamoja nayo wakaleta farasi zao, hema zao na ngoma zao, hata maonyesho yakageuka kuwa yao. Basi njia si moja. Wengine hujenga nyumba yao wenyewe, na wengine huingia katika nyumba iliyojengwa na mtu mwingine wakaifanya kuwa yao.

Mtihani mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka 1921 Charles Burke, mkuu wa idara ya serikali iliyowasimamia wenyeji wa asili, alitoa waraka wa kuzipinga ngoma. Mwaka 1923 aliongeza mapendekezo: ngoma iwe mara moja tu kwa mwezi, mchana, katikati ya juma, isifanywe kabisa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na asihudhurie mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 50. Msomaji, lisome tena sharti hilo la mwisho. Wewe usingeruhusiwa. Wala mwalimu wako huenda asingeruhusiwa. Hapana haja ya kuivunja ngoma kwa shoka ikiwa waweza kuwazuia vijana wasiione. Wazee watakufa nayo, na kazi itakuwa imekwisha.

Lakini haikwisha. Mwaka 1934 mkuu mpya wa idara hiyo, John Collier, aliwaamuru maafisa wake wasiingilie tena ibada na desturi za wenyeji. Mwaka 1937 Wameskwaki walipata katiba na baraza la kabila la watu 7 waliochaguliwa kwa kura. Sidai kwamba halmashauri ya ngoma ndiyo iliyozaa baraza hilo. Lakini tazama miaka ilivyofuatana. Kwa karibu robo ya karne kabla ya kuwa na katiba, watu hawa walikuwa wamekwisha kujizoeza, mwaka baada ya mwaka, kukaa kikao, kugawana kazi na kushika fedha za wote.

Mwezi wa Januari 1941 vijana 27 wa kabila hili walijiandikisha jeshini pamoja. Wanane kati yao walitumia Kimeskwaki kama lugha ya siri ya kupelekea habari katika vita vya Afrika ya Kaskazini. Lugha ambayo watoto wa makabila mengi ya Marekani walikatazwa kusema yao mfano wake shuleni, ilitakiwa sasa vitani, nayo ilikuwapo kwa kuwa palikuwa na watu walioendelea kuisema na kuiimba. Mwaka 2013 bunge la Marekani liliwatunukia nishani ya dhahabu, baada ya wote wanane kufariki.

Ziko ngoma nyingi katika nchi yetu ambazo vijana huzijua kwa majina tu, au huzichezea wageni kwa siku na saa zilizoamuliwa na mtu mwingine. Utakapoulizwa jinsi ya kuzihifadhi, usianze na ngozi na njuga. Anza na kuuliza ni nani walio tayari kukaa kikao, kutoka na daftari la mapato na matumizi, na kurudi tena mwaka ujao. Ngoma ivumayo haidumu, ikiwa haina wa kuikaza kamba.