Mlinzi wa Lango na Siri Yake

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo walivyosema wahenga. Katika runinga ya Kenya, hata hivyo, uongo wa mtu mmoja ulisafiri miaka 13, ukapokewa majumbani kwa vicheko, na mwisho wake haukuwa kufichuka bali kukatizwa na mauti. Mtu huyo ni Papa Shirandula, mhusika aliyebuniwa na kuigizwa na Charles Bukeko katika mchezo uliobeba jina hilo, ulioanza kuonyeshwa na kituo cha Citizen mwaka 2007.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Shirandula ni mlinzi wa lango jijini Nairobi, lakini mkewe Wilbroda anaamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Basi huondoka nyumbani amevaa suti, akifika kazini akavaa sare. Pembeni yake wamo Otoyo, aliyeigizwa na Kazungu Matano, na Njoro, aliyeigizwa na Kenneth Gichoya. Nyumbani yuko Wilbroda wa Jacky Nyaminde. Kila mmoja huzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, na sehemu kubwa ya kicheko hutoka humo.

Kicheko cha namna hiyo hakikuzaliwa na Shirandula. Tangu miaka ya 1980 idhaa ya taifa ya Kenya ilikuwa na michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani, na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa jina la Mzee Ojwang, alikuwa miongoni mwa nyota wake. Wanjau alifariki Julai 2015, mwaka uleule Kenya ilipozima mitambo ya analojia. Shirandula aliurithi ufundi huo, akauhamishia katika kituo cha binafsi, na akauongezea jambo moja zito: aibu ya mtu anayekula jasho lake mwenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha mchezo. Mlinzi hulinda mali isiyo yake, hufungua lango ambalo yeye haliingii kama mgeni, naye hufahamu siri za wakubwa wasiolifahamu jina lake. Kazi hiyo ni halali. Kinachomfanya aifiche ni macho ya jamii iliyopima utu kwa suti. Watazamaji walimcheka Shirandula, na wengi katika kumcheka walijitambua.

Kisa hicho kingetungwa Mwamapalala, katika nchi ya Wasukuma, pengine kingekuwa na sura nyingine. Kata hiyo leo imo wilayani Itilima, mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Bariadi, mkoani Shinyanga. Ukanda huo wa Wasukuma na Wanyamwezi ndio uliozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe na ujambazi uliposhamiri. Wanakijiji walishika pinde na mishale, wakapuliza filimbi, wakachagua mtemi wao wa ulinzi, na mwaka 1989 sheria ya nchi ikawatambua. Lawama hazikukosekana, kwani wapo walioadhibiwa kikatili bila kufikishwa mahakamani. Lakini katika utaratibu ule mlinzi hakujificha: alilinda mifugo ya jirani kwa zamu, kama jirani alivyolinda ya kwake. Ulinzi ulikuwa wajibu na heshima. Ulipogeuka kuwa ajira ya mjini, kulinda mali ya tajiri kwa mshahara mdogo, heshima ilibaki kijijini na mtu akaenda mjini na sare peke yake. Umbali huo ndio aliouigiza Bukeko.

Mwisho ulikuja ghafla. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Jumamosi tarehe 18 Julai mwaka huo Bukeko alifariki Nairobi kwa maradhi hayo, akiwa na umri wa miaka 58, na Jumatatu iliyofuata akazikwa kwao Funyula, kaunti ya Busia. Kanuni za maziko ya wakati huo hazikuruhusu mkusanyiko mkubwa. Mtu aliyekusanya maelfu mbele ya runinga alisindikizwa chini ya kanuni hizo. Mchezo haukuweza kuendelea bila yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nguzo yake.

Urithi wake umo katika watu aliowainua. Felix Odiwuor, aliyejulikana kwa jina la Jalang'o, alichaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata mwaka 2022. Jacky Vike, aliyeigiza mtumishi wa nyumbani Awinja, alijenga jina lake mwenyewe katika uchekeshaji. Ni jambo la kuzingatia kwamba mchezo uliomhusu mlinzi na mtumishi ndio uliowafungulia malango waigizaji wake.

Lakini urithi mkubwa zaidi ni swali ambalo mchezo uliliacha. Kwa miaka 13 watazamaji walingoja Wilbroda ajue yote na kuona atasema nini. Jibu halikuhitaji kutoka kwake. Lilikuwa kwa kila anayepita langoni asubuhi, na salamu anayompa, au anayomnyima, aliyekesha hapo usiku kucha.