Boriti za Rufiji na Vyombo vya Bibi: Nyumba Ikikarabatiwa, Vitu vya Zamani Viende Wapi?



Msimu wa harusi ukikaribia, mafundi hawashikiki. Dari la zamani linashushwa, jipsamu inapanda, sofa mpya inaingia. Wiki mbili baadaye uani kuna lundo: boriti, mlango, masufuria, mikeka, kabati la bibi. Bi harusi anataka viondoke kabla wageni hawajafika. Lakini viende wapi? Leo tuwaulize waliotutangulia, tukianzia na zile boriti.

Zilikotoka

Boriti nyingi za nyumba zetu za mawe zilikatwa kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Kusini mwa delta hiyo uko Mohoro, mji ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, kiongozi wa Maji Maji, mwezi Agosti 1905. Miti ilipangwa kwa unene, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo, ikauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yaliipakia, yakarudi na kusi hadi Oman, Kuwait na Bahrain, nchi zisizo na miti ya kuezekea. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alikuwemo katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali al-Najdi lililokwenda Rufiji kuchukua shehena hiyo.

Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba? Ni kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko haubebi dari zito la mawe na chokaa ukizidi mita tatu hivi, basi fundi alipima chumba kwa mti.

Wazee hawakutupa

Mti uliovuka bahari hautupwi. Nyumba ilipobomolewa, boriti zilikwanguliwa chokaa na kukaguliwa ncha, maana ncha iliyolala ukutani ndiyo huoza kwanza. Ncha mbovu ilikatwa, na boriti iliyobaki fupi ikaezeka jiko au ukumbi mwembamba. Isiyofaa tena kuezekea ilisaidia kwenye jukwaa la fundi, na mwisho ikawa kuni. Milango ya nakshi nayo ilihamishwa, ndiyo maana mingine ina umri kuliko nyumba iliyomo. Samadari ya bibi ilimfuata mjukuu kwa mumewe.

Saruji na nondo ndizo zilizotufunza kutupa. Tena tunatupa kisichopatikana kirahisi: mwaka 1987 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, na baadaye ukaruhusiwa kwa vibali tu. Boriti nzima uani kwako ni mali. Muulize fundi wa nyumba za kale kabla hujaipasua.

Kabla hujagawa

Kwanza, ni chako? Kabati la marehemu bibi ambalo mirathi yake haijagawanywa ni la warithi wote. Hulitoi, hata sadaka, bila ridhaa yao.

Pili, Surat Al-Maa'un inamkemea anayezuia vitu vidogo vya nyumbani. Ibn Mas'ud, Allah amridhie, aliufasiri msaada huo kuwa ni kuazimana ndoo na sufuria. Sufuria ya ziada isiyopikiwa miaka mitano ina mwenye kuihitaji mtaani kwako.

Tatu, na hapa ndipo wengi tunapoteleza: katika Surat Al-Baqara aya ya 267 Allah anatukataza kuchagua kibovu ili tukitoe, ilhali sisi wenyewe tukipewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Turudi Mohoro

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, na Mohoro ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Maji yaliingia majumbani na mashambani, watu wakawa wanapita kwa mitumbwi. Hili si geni kwao. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bondeni kwenye miinuko, lakini bonde ndilo lenye rutuba ya mpunga, na mkulima hufuata shamba lake.

Mwanamke aliyetoka kwenye maji na watoto anahitaji sufuria yenye mfuniko, ndoo isiyovuja, mkeka, chandarua na khanga ya kusalia. Vyote hivyo vimo kwenye lundo lako. Ila akifungua furushi akakuta blauzi isiyo vifungo na sufuria iliyotoboka, umemhamishia taka zako, na umemvunjia heshima siku aliyokwisha kupoteza nyumba.

Basi dada, fanya hivi: tenga lundo matatu. La kwanza ni vya warithi na vya kumbukumbu. La pili ni vizima: vifue, visugue, mlete fundi azibe na kukaza, kisha toa ukiwa na uhakika kwamba mama yako angepewa angefurahi. La tatu, vibovu kabisa, mpe muokota chuma chakavu au vipeleke jalalani, na usiviite sadaka.

Nyumba za visiwani ziliezekwa kwa miti ya Rufiji miaka mingi. Jahazi likirudi huko na sufuria safi, ni deni jema tunalilipa.

Allah azibariki nyumba zetu na ndoa zetu, na awape wenzetu wa Mohoro makazi ya kheri. Amin.