Kabla kijiko hakijachimba Mpanda: Fahamu tathmini ya mambo ya kale

Nyumba kuukuu ikibomolewa mjini Mpanda kupisha ghorofa, wapita njia huuliza zitatoka fremu ngapi na kodi itakuwa shilingi ngapi. Mwanaakiolojia ana swali jingine: chini ya msingi huo kuna kitu ambacho kijiko kikikivuruga leo hakitarudi tena?

Kazi ya kulijibu swali hilo kabla ujenzi haujaanza ndiyo inaitwa tathmini ya kiakiolojia. Siyo uchimbaji kamili. Ni kuonja tu, ili ijulikane kama kuna haja ya kuchimba zaidi.

Inafanyikaje?

Huanzia mezani: ramani za zamani, picha za angani, na mazungumzo na wazee wa mtaa. Kisha wataalamu hutembea eneo lote macho chini, wakitafuta vigae vya vyungu, shanga au mavi ya chuma, yaani yale mabonge meusi mazito yanayobaki baada ya kuyeyusha mawe ya chuma.

Mabonge hayo wengi huyapiga teke tu. Lakini upande wa kusini, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, Wafipa waliyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyafanyia utafiti mrefu. Kaskazini kuna Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kwa takribani miaka 1,500. Mpanda iko kati ya maeneo hayo mawili.

Baada ya hapo ndipo huchimbwa mashimo ya majaribio, mara nyingi ya mita moja kwa mita moja. Udongo hutolewa tabaka kwa tabaka na kupitishwa kwenye chekecheo. Kila kitu huandikwa kimetoka kina gani na kilikuwa jirani na nini. Hapo ndipo umri unapopatikana. Kigae kilichong'olewa bila kumbukumbu hiyo hakina cha kusema.

Majibu yakitoka, mradi unaweza kuendelea, kusogeza msingi, au kusubiri eneo lichimbwe vizuri kwanza.

Kuchelewa kuna gharama. Mwaka 1989 jijini London, mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose, uliojengwa 1587, yaligunduliwa kwenye kiwanja kilichokuwa tayari kimepangiwa jengo la ofisi. Zogo likawa kubwa, na ramani ya jengo ikabidi ibadilishwe ili mabaki yabaki chini yake. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa mwongozo kwamba tathmini itangulie kibali cha ujenzi.

Mpanda mjini kuna tatizo la tarehe

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na miundo ya kabla ya 1886. Vitu vinavyohamishika ni vya kabla ya 1863.

Sasa piga hesabu. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilifunguliwa 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa 1960. Kwa hiyo stesheni, nyumba za wafanyakazi na masalia ya mgodi, yaani vitu vilivyoufanya mji uwe mji, kwa sheria hii ni "vipya". Havina ulinzi mpaka waziri avitangaze.

Ukienda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mambo ni tofauti. Wabelgiji walianzisha kituo chao pale 1879 na kujenga ngome, kisha 1885 wakawaachia wamisionari wa White Fathers. Ngome hiyo imeuwahi mwaka wa sheria kwa muda mfupi sana.

Miradi mikubwa hukutana na suala hili kupitia tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya sheria ya mwaka 2004 inayosimamiwa na NEMC, na gharama ni za mwenye mradi. Fremu tatu za duka Kashaulili au Makanyagio kwa kawaida hazifiki huko. Hapo mlinzi pekee ni fundi mwenye sururu.

Ukikuta kitu je?

Sheria inakutaka utoe taarifa haraka kwa ofisa wa serikali, Mkurugenzi wa Mambo ya Kale au makumbusho. Kuanzia ofisi ya mtendaji wa kata inatosha kufikisha habari. Kuendelea kuchimbua mwenyewe ukitafuta malikale bila leseni ni kosa.

Wakati unasubiri, simamisha kazi sehemu hiyo tu. Usikioshe, usikipeleke nyumbani. Kipige picha kikiwa palepale kwenye udongo, weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane, kisha piga nyingine ya shimo zima kutoka mbali.