Shambulio la Jadotville, Septemba 1961: Historia Iliyoandikwa Kutoka Ndani ya Mahandaki

Mji wa Likasi, ulioko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Huko ng'ambo jina hilo la kikoloni lingali hai kwa sababu ya mapigano ya siku tano, kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, ambayo kwa kawaida huitwa "kuzingirwa kwa Jadotville". Istilahi hiyo yafaa ichunguzwe. Asemaye "kuzingirwa" amekwisha kuchagua mahali pa kusimama, naye amesimama ndani, pamoja na waliozingirwa. Waliokuwa nje, yaani wale walioshambulia, hubaki umati usio na sura wala jina. Makala haya yanayatazama mapigano hayo kama shambulio la askari wa miguu dhidi ya ngome ya mahandaki, na kuuliza ni nini kimesalia katika historia kuhusu washambuliaji.

Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960 chini ya uongozi wa Moïse Tshombe. Jeshi lake, Jandarmeri ya Katanga, lilikuwa na askari Waafrika walioongozwa na maofisa wa Kibelgiji pamoja na mamluki wa mataifa mengine. Upande wa kaskazini wa jimbo lilikuwa likipigana na Waluba waliokataa utengano. Kwa hiyo vita hivyo vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe hata ndani ya Katanga. Tarehe 21 Februari 1961 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu nguvu itumike, iwapo njia nyingine zimeshindikana, ili kuzuia vita vya namna hiyo, tena likataka wanajeshi wa kigeni na mamluki waondolewe.

Mwanzoni mwa Septemba kombania moja ya Waayalandi, askari wapatao 155 chini ya Kamanda Patrick Quinlan, ilipelekwa Jadotville kuwalinda wakazi Wazungu. Walipofika waligundua kwamba wengi wa hao waliopaswa kulindwa hawakuwataka. Quinlan, akiisoma hali hiyo, aliamuru mahandaki yachimbwe kuzunguka majumba waliyokaa kando ya barabara kuu. Uamuzi huo ndio ulioamua mengi ya yaliyofuata.

Alfajiri ya tarehe 13 Septemba majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza operesheni iliyoitwa Morthor mjini Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Kwa Serikali ya Tshombe, hivyo vilikuwa vita vilivyokwisha kutangazwa kwa vitendo. Asubuhi hiyohiyo majandarme waliishambulia kambi ya Jadotville, Waayalandi wengi wakiwa katika Misa. Makadirio yaliyozoeleka ya idadi ya washambuliaji hufikia 3,000. Walisaidiwa na mota, na ndege ya kivita aina ya Fouga Magister iliyodondosha mabomu na kumimina risasi.

Hata hivyo, wingi haukutosha. Askari wa miguu anayesonga mbele mahali pa wazi hana kinga, ilhali aliye ndani ya handaki huonyesha kichwa na bunduki tu. Waayalandi walikuwa na bunduki nzito za rashasha aina ya Vickers, zilizopangwa zifagie njia za kuikaribia kambi, na mota zao ndogo zililenga mahali zilipokaa silaha za wapinzani. Mawimbi ya washambuliaji yalirudishwa mara kwa mara. Waliotoa amri walikuwa na fununu ya hasara ya kulishambulia handaki uso kwa uso, kwani Ulaya ilikwisha kulijifunza jambo hilo kwa damu nyingi kati ya 1914 na 1918. Hasara yenyewe iliwaangukia waliotumwa.

Kilichomaliza mapigano si ushindi wa shambulio, bali kiu na daraja. Maji ya kambi yalikatwa. Helikopta moja ilifanikiwa kuleta maji, lakini yalikuwa yamechanganyika na mafuta, hayanyweki. Safu za msaada kutoka Élisabethville zilizuiwa mara mbili kwenye daraja la mto Lufira. Tarehe 17 Septemba, risasi zikikaribia kwisha, Quinlan alisalimu amri. Usiku huohuo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, aliyekuwa njiani kuonana na Tshombe, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola. Mateka wa Kiayalandi waliachiliwa mwezi Oktoba.

Hakuna hata Mwayalandi mmoja aliyeuawa Jadotville, watano walijeruhiwa. Nyumbani walipokewa kwa kimya, kana kwamba kusalimu amri kulikuwa aibu. Miaka mingi baadaye walisafishwa jina: heshima rasmi ya kikosi kizima ilitolewa mwaka 2016, medali mwaka 2017. Vitabu vimeandikwa, na filamu imetengenezwa.

Kwa upande wa majandarme, waliokufa hutajwa kuwa hadi 300. Tarakimu hiyo ni makadirio, nayo haina majina nyuma yake. Utengano ulipokwisha mwezi Januari 1963, wengi wa wenzao walivuka mpaka kuingia Angola. Baadhi yao walirudi na silaha katika vita vya Shaba vya 1977 na 1978. Chini ya utawala uliofuta hata jina la Katanga kuanzia 1971 hadi 1997, kumwombolezea jandarme hadharani hakukuwa jambo jepesi.

Yafuatayo ni dhahiri. Waayalandi walinyimwa heshima kwa muda, lakini hawakupoteza majina yao. Majandarme wamepoteza vyote viwili. Si lazima mtu aukubali utengano, wala ausahau unyama uliotendwa kwa jina lake, ndipo akiri kwamba vijana waliotumwa kukimbilia rashasha walikuwa watoto wa watu. Kiswahili kilikuwa lugha ya miji ya migodi ya Katanga. Yamkini ndiyo lugha ambamo habari za vifo hivyo zilipokewa katika nyumba nyingi. Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1961 wamepita themanini. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuyarekodi masimulizi yao, na ya wajane na watoto wao, katika lugha yao, kabla ya upande wa nje wa mahandaki kunyamaza kabisa.