Namna ya kupata neno la Kiingereza kwa herufi chache tu, hata kama spelingi huijui

Mwanafunzi wa Kiembe Samaki akisikia mwalimu anatamka "nyumonia", atafungua kamusi kwenye N. Atapekua kurasa zote na hatalipata, kwa sababu Waingereza wameliweka kwenye P: "pneumonia". Ile P haitamkwi, ipo tu.

Kwa Kiswahili tabu hii haipo. Neno huandikwa kama linavyosikika, na anayelisikia mara moja anaweza kulitafuta. Kiingereza si hivyo, na kwa skuli za Unguja jambo hili si mchezo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na mtihani wa Kidato cha Nne masomo mengi huandikwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kulijua jibu kabisa, akakwama kwenye kuliandika.

Kamusi ya kitabu, hata nzuri kama ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996, ina mlango mmoja tu: herufi ya kwanza. Ukiikosa hiyo, umekwisha. Simu inafungua milango mingine. Katika tovuti za kamusi kama OneLook, alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja isiyojulikana, na alama ya nyota inasimama badala ya herufi zozote, ziwe moja au kumi.

Basi aliyesikia "nyumonia" ana uhakika na mwisho wa neno. Anaandika nyota halafu "monia". Zinakuja "pneumonia" na "ammonia" pamoja na machache mengine, na hapo kuchagua ni kazi ndogo, maana moja ni ugonjwa wa mapafu na nyingine ni gesi yenye harufu kali. Aliyesikia "rithim" aanze na R, aweke nyota, amalizie na M. Orodha itakuwa ndefu. Akijua kuwa neno lina herufi sita, anaweka alama nne za kuuliza katikati na orodha inapungua sana. "Rhythm" limo humo, nalo halina hata irabu moja kati ya a, e, i, o, u. Sikio la Mswahili lingeapa zipo mbili.

Ila nyota peke yake haisaidii kama mtu hajui herufi gani hujificha nyuma ya sauti gani. Hapa ndipo penye kazi hasa. Sauti ya N mwanzoni inaweza kuwa "kn" kama "knee", "gn" kama "gnat", au ile "pn" ya nimonia. Sauti ya R huandikwa "wr" kwenye "wrist" na "rh" kwenye "rhombus" ya hisabati. F hujificha kwenye "ph" ya "photosynthesis" na, ajabu zaidi, kwenye "gh" ya "cough". S huwa "ps" kwenye "psychology", au "sc" kwenye "science" yenyewe. Wa baiolojia wanaijua "xylem": inasikika Z, inaandikwa X, herufi ambayo alfabeti ya Kiswahili haina kabisa. Na "ch" ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu Mswahili akiiona anatamka kama kwenye chai, kumbe kwenye "chemistry" ni K. Neno skuli limetokana na "school", lenye "ch" hiyohiyo; Wazanzibari wameliandika kwa K na wamemaliza.

Kuna sehemu moja ambapo mtoto wa Unguja yuko mbele. Kiingereza kina kanuni kwamba baada ya Q huja U: "queen", "question", "equal". Maneno yanayoivunja ni machache, na wacheza Scrabble duniani huyakariri kwa jasho. Lakini mengi yametoka kwenye Kiarabu, na yeyote aliyekaa chuoni anayafahamu kwa sura nyingine: "qibla" ni kibla, "qadi" ni kadhi, "faqir" ni fakiri, "niqab" ni nikabu. Hata "qat" ni mirungi tu. Herufi hiyo ni qaf ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliigeuza K na Kiingereza kikaiacha Q.

Scrabble si jina geni Afrika Mashariki, maana mashindano ya dunia ya mchezo huo kwa Kiingereza yalifanyika Nairobi mwaka 2017. Mmarekani Alfred Butts, aliyeubuni miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili ajue ipi hutumika sana. Ndiyo maana seti ya Kiingereza ina vipande 12 vya E na kimoja tu cha Q, chenye pointi 10.

Tahadhari moja kwa anayejiandaa na mtihani: tovuti zinazotoa orodha ya maneno kwa ajili ya michezo hazichagui. Zinachanganya neno la kila siku na neno ambalo Mwingereza mwenyewe hajawahi kulisikia, na nyingi zimejaa matangazo yanayokula bando. Neno likipatikana, lisomwe maana yake kwenye kamusi kabla ya kuingia kwenye daftari.

Wanaocheza wao hawajali maana. Kwao "mzee" na "mzungu" yote yanakubalika katika orodha ya maneno ya Collins, na Mwingereza mwenye M na Z mkononi mara nyingi hajui kwamba zinaweza kukaa pamoja mwanzoni mwa neno.