Katatonia: Picha za Ubongo Zinavyoeleza Mwili Ulioganda

Katatonia ni hali ambayo mgonjwa huganda, hasemi, hali chakula, na mkono wake ukiinuliwa hubaki juu. Daktari wa Kijerumani, Karl Ludwig Kahlbaum, aliieleza mwaka 1874. Hapa Unguja, Kiembe Samaki ikiwamo, baadhi ya familia hudhani ni shetani na siku hupotea. Ilhali asiyekunywa maji wala kujongea anaweza kufariki kwa upungufu wa maji au damu kuganda mishipani.

Uchunguzi wa picha za MRI umebaini kuwa kwa baadhi ya wagonjwa damu hupita kwa wingi usio wa kawaida katika eneo la ubongo linaloandaa mienendo. Kwa hiyo mgonjwa hajakaidi. Hata hivyo, ugonjwa hutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari, si kwa mashine, na lorazepamu huweza kumfungua mgonjwa ndani ya saa chache. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili hizo kwa watoto wenye ugonjwa wa kusinzia kichwa, unaojulikana pia Mahenge, Morogoro. Dawa hiyo ilizipunguza.

Kwa Unguja, mgonjwa afikishwe mapema Hospitali ya Kidongo Chekundu.