Papara na Sahani: ADHD katika Matatizo ya Ulaji ya Vijana

Katika likizo za kiangazi za mwaka 1997 hadi 1999, Stephen Hinshaw na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwaalika wasichana 228 wa umri wa miaka 6 hadi 12 kwenye kambi za mchana. Wasichana 140 walikuwa na ADHD, hali ya upungufu wa umakini ambayo mara nyingi huandamana na kutotulia na papara. Wengine 88 hawakuwa nayo, nao walikuwa kundi la kulinganishia. Watoto walisoma, walicheza, waligombana na kupatana, na watafiti wakaandika waliyoyaona. Hadi wakati huo elimu kuhusu ADHD ilikuwa imejengwa zaidi juu ya watoto wa kiume, kwa kuwa mvulana anayeruka juu ya madawati huonekana upesi kuliko msichana anayepotelea dirishani.

Miaka mitano hivi baadaye, wengi wao wakiwa wameshabalehe, waliulizwa habari za mlo na miili yao. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008 na Amori Mikami akiwa na Hinshaw na wengine, yanastahili kusomwa polepole. Wasichana waliokuwa na ADHD ya mseto utotoni, yaani wenye kukosa umakini na pia kutotulia na papara, walikuwa na dalili nyingi zaidi za bulimia kuliko wenzao wasio na ADHD. Bulimia ni kufakamia chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha kujitapisha, kujinyima au kunywa dawa za kuharisha ili kilicholiwa kisinenepeshe. Watafiti walipopima ni dalili ipi ya utotoni iliyotabiri vyema zaidi tatizo la ulaji la ujanani, jibu lilikuwa papara. Kukosa umakini na kutotulia vilikuja nyuma yake.

Mjini Boston, Joseph Biederman na wenzake walikuwa wametangulia kuchapisha, mwaka 2007, kwamba wasichana wenye ADHD waliofuatiliwa kwa miaka mitano walikuwa na uwezekano mara 3.6 wa kupata tatizo la ulaji kuliko wasio na ADHD. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha tafiti nyingi ulikaribia mara 4. Namba hizi zisimtishe mzazi: vijana wengi wenye ADHD hawapati kamwe ugonjwa wa ulaji. Lakini haziwezi pia kufukiwa kwa kisingizio cha bahati.

Hapa ndipo maelezo yaliyozoeleka yanapopwaya. Gerald Russell, daktari wa London aliyeipa bulimia nervosa jina lake mwaka 1979, aliieleza kama sura mpya na ya hatari ya anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Tangu hapo watu wengi wameitazama kwa miwani ya anoreksia: hofu ya kunenepa, tamaa ya wembamba, picha za wanamitindo. Yote hayo yapo na yana nguvu yake. Hata hivyo hayaelezi kwa nini, kati ya wasichana wa mtaa mmoja wanaotazama picha zilezile, mmoja hula bila kuweza kuacha na mwingine huweka kijiko chini.

Papara inaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Kijana mwenye ADHD huona ugumu kusubiri tuzo ya mbali. Iliyo mbele yake sasa hivi humvuta zaidi, na wanasayansi wengi wanahusisha mvuto huo na jinsi dopamini inavyofanya kazi katika ubongo. Chakula kitamu ni tuzo ya papo hapo, hakihitaji miadi wala ruhusa. Kukosa umakini nako kuna mchango wake. Aliyezama katika mchezo wa simu husahau chakula cha mchana, haisikii njaa mpaka imekuwa kali, na jioni anapofika jikoni hali tena, anabugia. Kisha huja aibu, na baada ya aibu huja nadhiri ya kutokula kesho, nadhiri inayoandaa ulafi wa kesho kutwa.

Utafiti wa Berkeley uliongeza jambo ambalo madaktari hulipita haraka: kukataliwa na watoto wenzao na ugomvi na wazazi utotoni navyo vilihusiana na matatizo ya ulaji baadaye. Msichana anayekatiza maneno ya wenzake, anayesahau zamu yake, anayekaripiwa nyumbani kila siku, hukua akiamini kwamba ana kasoro. Si ajabu akianza kuitafuta kasoro hiyo katika mwili wake.

Dawa nazo zinalitatiza suala zima. Methilfenidati na dawa za jamii ya amfetamini, zinazotumika kutibu ADHD, hupunguza hamu ya kula. Baadhi ya watoto hugusa chakula kidogo tu mchana, kisha njaa hurudi kwa kishindo usiku dawa inapoisha nguvu. Kwa kijana anayetamani kukonda, athari hiyo yaweza kuwa kishawishi cha kuitumia dawa vibaya. Upande wa pili, lisdeksamfetamini, iliyoruhusiwa Marekani kwa ADHD mwaka 2007, iliruhusiwa huko mwaka 2015 kutibu ulaji wa kupindukia, kwa watu wazima pekee. Mwenye kudai kwamba dawa ndizo chanzo cha uhusiano huu ana kazi ya kueleza inakuwaje moja yao ikaupunguza ulafi.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki mjadala wa vidonge uko mbali: Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019, na tena mwaka 2021, kuingiza methilfenidati katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha ambayo serikali nyingi huifuata katika kununua dawa. Lakini kuuliza hakuhitaji kidonge. Anayemwona msichana kwa sababu ya kujitapisha amuulize yeye na wazazi wake alikuwaje darasani kabla ya miaka 12. Anayemtibu kijana wa ADHD asiishie kumpima uzito. Aulize anakula nini, saa ngapi, mbele ya nani, na kama huwa anakula kwa kujificha. Na maswali hayo yaulizwe bila neno la ulafi wala la urembo, kwa sababu kijana aliyekwisha kuaibishwa mezani hatajibu.